Jinsi ya kukokotoa mkondo wa hitilafu, kutoka kwenye transfoma hadi mwisho wa kebo

Mtu anayesanifu au kukagua mfumo wa umeme wenye transfoma na nyutro iliyounganishwa na ardhi anapaswa kutafuta mikondo miwili ya hitilafu. Mkondo mkubwa kabisa unaoweza kupita ndio unaoamua kama sakiti breka na vyuma vya bodi kuu vitastahimili shoti bila kupasuka. Mkondo mdogo kabisa ndio unaoamua kama breka hiyo itaiona hitilafu na kukata kwa wakati. Kazi nyingi zinaishia kwenye mkondo wa kwanza, na hapo ndipo hatari inapobaki, kwa sababu hitilafu inayoua watu na kuunguza majengo mara nyingi ni ile ndogo iliyoko mwisho wa kebo ndefu, ambayo breka inaichukulia kama mzigo wa kawaida.

Mwongozo huu unafuata mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Ni kinu cha kukoboa mpunga cha aina inayoonekana Mbarali au Kahama, kinachopata umeme kwa transfoma yake ya kVA 315, yenye msongo wa 11 kV upande wa juu na 400 V upande wa chini. Bodi kuu iko ukutani karibu na transfoma, hivyo urefu wa kebo kati yake na transfoma tutauacha. Kutoka kwenye bodi hiyo kebo ya shaba ya 35 mm² inakwenda mita 80 hadi kwenye mashine yenye mota ya 37 kW, ikifuatana na waya wa ethi wa shaba wa 16 mm². Mota ziko mbili za ukubwa huo.

Hatua ya 1: Soma kibati cha transfoma

Andika mambo manne: ukubwa kwa kVA, msongo wa pande zote mbili, asilimia ya impidansi (Z, upinzani wote ambao mkondo unakutana nao), na kundi la muunganisho. Kwa mfano wetu impidansi ni 4% na kundi ni Dyn11. Herufi D inaeleza kwamba koili za msongo wa juu zimeunganishwa kwa delta, y kwamba za msongo wa chini zimeunganishwa kwa nyota, na n kwamba nyutro imetolewa nje. Herufi hizo zitakuwa na uzito mkubwa tutakapofika kwenye hitilafu ya ardhi, kwa hiyo usizipite haraka. Ikiwa cheti cha majaribio cha kiwanda kipo, chukua pia upotevu wa shaba kwenye mzigo kamili. Hapa tutatumia 3,900 W. Impidansi iliyopimwa kiwandani ni bora kuliko ile ya katalogi, kwa kuwa viwango vya kimataifa vinaruhusu transfoma ya aina hii itofautiane na thamani iliyotangazwa kwa hadi 10% kila upande.

Hatua ya 2: Pata makisio ya haraka

Mkondo kamili wa transfoma ni:

In = 315,000 ÷ (1.732 × 400) = 455 A

Gawanya kwa impidansi: 455 ÷ 0.04 = takriban 11,400 A, yaani 11.4 kA. Hesabu hii inachukulia kwamba gridi nyuma ya transfoma haina impidansi yoyote. Inafanyika kwa dakika moja na inafaa kukagulia majibu ya hesabu ndefu, lakini haikuambii chochote kuhusu mwisho wa kebo.

Hatua ya 3: Geuza kila kitu kiwe impidansi upande wa 400 V

Tuanze na gridi. Uliza shirika la umeme, iwe TANESCO, Kenya Power au jingine, nguvu ya hitilafu kwa MVA mahali transfoma inapounganishwa na laini ya 11 kV. Tuchukue kwamba jibu ni MVA 150. Kiwango cha IEC 60909, cha kimataifa cha kukokotoa mikondo ya shoti, kinatumia kizidishi c cha kufidia volti zinazopanda na kushuka, ambacho kwa msongo wa kati ni 1.1 pale tunapotafuta mkondo mkubwa:

Zg = 1.1 × 400² ÷ 150,000,000 = 1.17 mΩ

Kama hujapewa uwiano wa ukinzani (R) na riaktansi (X, upinzani unaotokana na usumaku wa koili na nyaya) wa gridi, kiwango hicho kinaruhusu kuchukua ukinzani kuwa sehemu ya kumi ya riaktansi. Tunapata R = 0.12 mΩ na X = 1.17 mΩ.

Transfoma inafuata:

Zt = 0.04 × 400² ÷ 315,000 = 20.32 mΩ
Rt = 3,900 ÷ (3 × 455²) = 6.29 mΩ
Xt = √(20.32² − 6.29²) = 19.32 mΩ

IEC 60909 ina pia kizidishi cha kurekebisha impidansi ya transfoma. Kwa transfoma hii kinabadilisha jibu kwa chini ya 3%, kwa hiyo katika hesabu ya mkono nimekiacha. Katika ripoti rasmi kiwekwe.

Kebo ya shaba ya 35 mm² ina ukinzani wa 0.524 Ω kwa kilomita kwenye nyuzijoto 20, na riaktansi ya takriban 0.08 Ω kwa kilomita. Kwa mita 80 tunapata R = 41.9 mΩ na X = 6.4 mΩ. Tazama kwamba ukinzani wa kebo hii peke yake ni maradufu ya impidansi nzima ya transfoma. Katika msongo mdogo kebo ndiyo inayotawala hesabu punde unapoondoka kwenye bodi kuu, na ndiyo maana R na X lazima zijumlishwe kila moja kwa safu yake kabla ya kutafuta Z. Anayejumlisha Z moja kwa moja anapata impidansi kubwa kuliko ya kweli na mkondo mdogo kuliko ule utakaopita.

Hatua ya 4: Mkondo mkubwa wa fezi tatu kwenye bodi kuu

Jumla ya gridi na transfoma ni R = 6.41 mΩ na X = 20.49 mΩ, hivyo Z = 21.47 mΩ. Kwa mfumo wa msongo mdogo ambao volti haziruhusiwi kupanda zaidi ya 6%, c ni 1.05, zikiruhusiwa kupanda 10%, c ni 1.10. Tukitumia ya kwanza:

I = 1.05 × 400 ÷ (1.732 × 0.02147) = 11,300 A

Jibu limekaribiana na makisio ya haraka kwa sababu kizidishi c kimeongeza takriban kile ambacho gridi imepunguza, na msomaji asichukulie kwamba itakuwa hivyo kila mahali. Kinu hicho hicho kikiwa mwisho wa laini ndefu ya kijijini yenye MVA 30 tu, mkondo unashuka hadi 9.3 kA.

Kisha fikiria mota. Shoti inapotokea, mota inayozunguka inageuka kuwa jenereta kwa muda mfupi na kuusukuma umeme kuelekea kwenye hitilafu. IEC 60909 inaruhusu kuziacha kama jumla ya mikondo yake ya kawaida haizidi 1% ya mkondo wa hitilafu, yaani 113 A hapa. Mota mbili za 37 kW zinavuta takriban 67 A kila moja, jumla 134 A, kwa hiyo hazisameheki. Kila moja inaongeza mkondo unaolingana na ule wa kuanzia, takriban mara sita ya mkondo wake, na zote mbili zinaongeza karibu 0.8 kA. Bodi kuu lazima ihimili takriban 12.1 kA.

Kwa hesabu hii, breka yenye uwezo wa kukata 10 kA haifai kwenye bodi hiyo, na ile ndogo ya 6 kA inayouzwa kila duka haifai kabisa, hata kama mkondo wake wa kawaida unalingana na mzigo. Chagua ya 16 kA, au ya 25 kA kama kuna uwezekano wa kubadilisha transfoma iwe kubwa zaidi.

Vyuma vya bodi vinasukumwa na kilele cha kwanza cha mkondo, ambacho ni kikubwa kuliko thamani tuliyopata. Kizidishi chake kinapatikana hivi:

κ = 1.02 + 0.98 × e^(−3R/X)

R/X kwenye bodi ni 0.313, hivyo κ = 1.40, na kilele cha mkondo unaotoka kwenye transfoma ni 1.40 × 1.414 × 11.3 = takriban 22.4 kA. Kwenye mashine, mita 80 mbele, R/X inapanda hadi 1.8 na κ inashuka hadi 1.02; kebo imekula kilele chote. Mkondo wa fezi tatu unaofika huko kutoka kwenye transfoma ni 4.4 kA.

Hatua ya 5: Hitilafu ya fezi moja na ardhi

Hapa mfumo hauna tena ulinganifu wa fezi tatu, na hesabu rahisi inakwama. Mwaka 1918 Charles Fortescue alionyesha kwamba mikondo yoyote isiyolingana inaweza kugawanywa katika mifuatano mitatu: chanya, hasi na sifuri. Mikondo ya mfuatano sifuri ni ile inayokwenda kwa mwelekeo mmoja katika fezi zote tatu kwa wakati mmoja, na kwa hiyo lazima irudi kwa njia ya nne, ambayo ni nyutro au ardhi. Mahali pasipo na njia ya kurudi, mikondo hiyo haipo.

Sasa rudi kwenye herufi za kibati. Koili ya delta haina nyutro, hivyo mkondo wa mfuatano sifuri unazunguka ndani ya delta na hautoki kwenda kwenye gridi. Maana yake, katika transfoma ya Dyn, impidansi ya mfuatano sifuri ni ya transfoma peke yake, takriban sawa na ile ya mfuatano chanya, na gridi haihesabiwi ndani yake. Kanuni, ambamo U ni volti kati ya fezi na Z1, Z2 na Z0 ni impidansi za mfuatano chanya, hasi na sifuri (Z2 hapa ni sawa na Z1), ni:

I = 1.732 × c × U ÷ (Z1 + Z2 + Z0)

Kwa bodi yetu, jumla ya R ni 6.41 + 6.41 + 6.29 = 19.11 mΩ, na ya X ni 20.49 + 20.49 + 19.32 = 60.30 mΩ. Z inakuwa 63.3 mΩ na mkondo ni takriban 11,500 A. Umezidi ule wa fezi tatu, jambo linalowashangaza wengi waliofundishwa kwamba shoti ya fezi tatu ndiyo kubwa daima. Kwenye vituo vya transfoma ya Dyn yenye nyutro iliyofungwa ardhini moja kwa moja, kagua zote mbili.

Upande wa 11 kV hitilafu hiyo hiyo inaonekana kwa sura nyingine. Mkondo wa 11,500 A unapita katika koili moja tu ya nyota, na koili inayokabiliana nayo upande wa delta inabeba 11,500 × 231 ÷ 11,000 = 241 A, unaoingia kwa laini moja na kutoka kwa nyingine. Anayezidisha kwa uwiano wa 400 kwa 11,000 anapata 418 A na kudhani fyuzi ya 11 kV itayeyuka mapema kuliko itakavyokuwa. Isitoshe, relei ya hitilafu ya ardhi (kifaa kinachoiamuru breka ikate) kwenye laini ya 11 kV haitaona kitu, kwa kuwa jumla ya mikondo ya laini tatu inabaki sifuri.

Hatua ya 6: Mfumo wenye kizuizi kwenye nyutro

Katika vituo vya kupoza umeme nyutro ya upande wa 11 kV mara nyingi hufungwa ardhini kupitia kizuizi (rezista), ili hitilafu ya ardhi isivunje koili za transfoma. Tuchukue transfoma ya MVA 15, 33/11 kV, impidansi 10%, iliyounganishwa delta kwa nyota. Impidansi yake upande wa 11 kV ni 0.807 Ω, na shoti ya fezi tatu, tukiiacha gridi na kizidishi c, ni 7.9 kA. Weka kizuizi cha 21.2 Ω kwenye nyutro. Mikondo ya mfuatano sifuri ya fezi zote tatu inapita humo pamoja, hivyo katika kanuni kizuizi kinaingia mara tatu:

I = 1.732 × 11,000 ÷ √(63.6² + 2.42²) = 299 A

Kutoka karibu 8 kA hadi 0.3 kA. Ukisahau kuzidisha kwa tatu utapata 893 A, na relei utakayoipanga kwa 400 A haitafanya kazi hata siku moja.

Hatua ya 7: Mkondo mdogo kabisa mwisho wa kebo

Hii ndiyo hatua inayostahili muda wako mwingi. Kila dhana sasa inageuzwa: c inakuwa 0.95, mota hazihesabiwi, na nyaya zinachukuliwa zikiwa za moto kwa sababu ukinzani wa shaba kwenye nyuzijoto 70 ni karibu 1.2 ya ule wa nyuzijoto 20. Mzunguko wa hitilafu unaanzia kwenye koili ya transfoma, unapita kwenye waya wa fezi hadi kwenye bodi ya mashine, yaani mwili wake wa chuma, na kurudi kwa waya wa ethi.

Gridi na transfoma, ambazo ni theluthi moja ya Z1 + Z2 + Z0, zinatoa R = 6.4 na X = 20.1 mΩ. Waya wa fezi ukiwa wa moto unatoa R = 50.3 na X = 6.4. Waya wa ethi wa 16 mm², wenye 1.15 Ω kwa kilomita ukiwa baridi, unatoa R = 110.4 na X = 6.4. Jumla ni R = 167.1 mΩ, X = 32.9 mΩ, Z = 170.3 mΩ. Basi:

I = 0.95 × 230 ÷ 0.1703 = 1,283 A

Breka ya kebo hii ni ya 100 A, na sehemu yake ya kukata papo hapo imepangwa mara 10, yaani 1,000 A. Sehemu hiyo inaruhusiwa kukosea kwa 20%, hivyo uhakika wa kukata unapatikana kuanzia 1,200 A. Tumepita, lakini kwa uchache. Waya wa ethi wenye kihami cha PVC, ukitumia k = 115 (kipimo cha shaba yenye kihami hicho), unastahimili mkondo huo kwa (115 × 16 ÷ 1,283)² = sekunde 2.1 tu kabla ya kihami chake kuharibika. Breka ikikata papo hapo, hakuna tatizo.

Sasa isogeze mashine hiyo hadi mita 120 bila kubadilisha kingine. Z inapanda hadi 250 mΩ na mkondo unashuka hadi 872 A. Breka haikati papo hapo. Inasubiri sehemu yake ya joto, na muda huo, kulingana na mkunjo wa mtengenezaji, unaweza kupita sekunde 5 zinazoruhusiwa na IEC 60364, kiwango cha ufungaji wa umeme majengoni, kwa saketi kubwa kama hii, huku bodi ya mashine ikiwa na volti na mtu akiwa ameishika. Dawa ni mbili: kushusha mpangilio wa breka, au kuongeza waya wa ethi. Ukiweka wa 35 mm² badala ya 16 mm², mkondo unapanda hadi takriban 1,350 A. Ukubwa wa waya wa ethi hauchaguliwi kwa mazoea.

Hatua ya 8: Pale ardhi yenyewe ndiyo njia ya kurudi

Kuna majengo yasiyo na waya wa ethi unaorudi kwenye transfoma. Kila upande una fimbo yake ardhini. Ukinzani wa fimbo moja, ambamo ρ ni ukinzani wa udongo, L urefu wa fimbo na d kipenyo chake, ni:

R = ρ ÷ (2πL) × [ln(8L ÷ d) − 1]

Kwenye udongo wa 100 Ωm, fimbo ya mita 2.4 yenye kipenyo cha mm 16 inatoa 40 Ω. Ikiwa transfoma ina 2 Ω, mkondo wa hitilafu ni 230 ÷ 42 = 5.5 A, na bodi ya mashine inakaa na volti 219 dhidi ya ardhi. Hakuna breka ya kawaida wala fyuzi itakayokata 5.5 A. Hata ukipiga fimbo nne hali haibadiliki vya kutosha. Mfumo huu haukubaliki bila swichi ya RCD, ambayo inalinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi. Kwa RCD ya 300 mA, ukinzani wa ardhi unaoruhusiwa ni 50 ÷ 0.3 = 167 Ω, na fimbo yetu inatosha hata msimu wa kiangazi udongo unapokauka na ukinzani kupanda maradufu.

Hatua ya 9: Pima na ulinganishe

Baada ya kufunga, fundi mwenye leseni ya mamlaka ya udhibiti wa nishati, EWURA kwa Tanzania au EPRA kwa Kenya, apime impidansi ya mzunguko wa hitilafu kwenye mashine. Kebo yetu ya mita 80, ikiwa baridi, inapaswa kusoma takriban 144 mΩ. Ikisoma 200, kuna kiungio kilicholegea au waya wa ethi uliobadilishwa, na kitafutwe kabla ya kuwasha mashine.

IEC 60364-6 inatoa kipimo kikali zaidi kwa usomaji wa baridi: usizidi theluthi mbili ya volti zikigawanywa kwa mkondo wa kukata. Kwa 1,200 A kikomo ni 128 mΩ, na mzunguko wetu wa 144 unashindwa, ingawa hesabu ya kina ya hatua ya 7 ilipita. Katika hali hiyo mimi huchukua upande wa kipimo kikali. Shusha mpangilio wa breka kutoka mara 10 hadi mara 8: mkondo wa uhakika wa kukata unakuwa 960 A, kikomo kinapanda hadi 160 mΩ, na 144 inaingia. Hakiki pia upande wa pili, kwamba 800 A ikipungua kwa 20% inabaki 640 A, juu ya takriban 400 A ambazo mota inavuta inapoanza, ili breka isikate kila asubuhi kinu kinapowashwa.